Mgonjwa karudishwa nyumbani: yafanyeni haya

Daktari akisema "mrudisheni nyumbani mkamtunze", familia nyingi huelewa kitu kimoja tu: basi tena. Wanabeba faili na ile bahasha kubwa ya eksirei, wanatafuta gari, na kabla hawajafika nyumbani kundi la WhatsApp la ukoo limeshafunguliwa na mweka hazina ameshapatikana. Wa kumgeuza mgonjwa usiku ndiye hapatikani.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mtu wa Tanga. Tangu niache wodi bado nagongewa mlango: "Shikamoo bibi, baba karudishwa, tunaomba utupitie." Napita. Ninayoyaonyesha huko majumbani ndiyo haya, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kumuuguza asiyenyanyuka: saratani iliyokwisha kuenea, kiharusi kikubwa, figo zilizochoka, uzee uliofika mwisho wake. Dozi sitaandika, dozi ni ya daktari aliyemwona mgonjwa wenu. Mengine yote ni ya mikono yenu.

Bibi zetu hawakuhitaji kuandikiwa. Mtu aliugua kwake akafia kwake. Wanawake wa nyumba walijua kugeuza, kuogesha kitandani, kunywesha uji kwa kijiko, na msichana wa miaka 12 alikuwa ameshaona mtu akikata roho na asikimbie. Walichokosa ni dawa ya maumivu. Wazee husimulia mgonjwa aliyelia usiku kucha mtaa mzima ukimsikia, na hakuna la kufanya ila kumsomea. Leo dawa ipo, lakini ujuzi wa mikono tumeukabidhi hospitali. Halafu katikati ukapita UKIMWI. Kabla ya dawa za kufubaza virusi kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wodini walilala wawili wawili kitanda kimoja, waliozidiwa wakarudishwa makwao, na huko wakatengewa sahani yao, kikombe chao na chumba cha uani. Woga ule haujaondoka. Nauona leo kwa mgonjwa wa saratani, ugonjwa usioambukiza kwa kushikana wala kwa kula sahani moja: watu wanakuja kumtazama, wanaishia mlangoni.

Basi la kwanza kabisa, mtoeni chumba cha uani.

Chumba na kitanda

Mleteni karibu na watu, penye dirisha, asikie redio na watoto wakigombana. Kitanda kikiwa chini sana kiinueni kwa matofali, kila mguu, mpaka godoro lifike usawa wa nyonga ya anayeuguza. Bila hivyo wiki ya pili mtakuwa na wagonjwa wawili, wa pili akiwa wa mgongo. Acheni nafasi pande zote mbili za kitanda. Kama mgonjwa anahangaika na mnaogopa ataanguka, usiku wekeni godoro jingine sakafuni pembeni yake.

Juu ya godoro tandikeni nailoni, juu ya nailoni shuka, na juu ya shuka, kuanzia mabegani mpaka mapajani, khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Hiyo khanga ndiyo mashine yenu, nitaieleza punde. Mpeni kitu cha kuitia watu, hata kijiko na kikombe cha bati. Anayeweza kukaa mtengenezeeni kiti cha choo: kiti cha mbao, fundi akitoboe tundu katikati, ndoo chini. Mzee anayejisaidia akiwa amekaa bado ni mzee wa nyumba ile. Pampasi za watu wazima zisubiri mpaka zihitajike kweli, na zikianza zibadilishwe mara tu zinapochafuka, si mpaka zijae kwa kuwa ni ghali.

Na mchague mtu mmoja wa dawa. Mmoja. Awe na daftari la shule, kila dawa anayompa aandike saa na jina lake. Nimeingia nyumba ambayo mtoto wa kwanza kampa mzee dawa saa mbili, wa pili kampa saa mbili na nusu kwa mapenzi, na wa tatu kaacha kabisa akidhani wenzake wameshampa.

Kugeuza

Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu, inakufa. Kidonda huanzia ndani kabla hujakiona nje. Ndiyo maana kinapochubuka ngozi kidogo tu, ukikisafisha unakuta shimo. Mahali pa kuchunguza kila siku wakati wa kuogesha ni kitokono, nyonga zote mbili, visigino, mafundo ya miguu, viwiko, mabega, kisogo na masikio. Kwa ngozi zetu nyeusi msisubiri wekundu. Tafuteni sehemu iliyozidi weusi, iliyo na joto kuliko jirani yake, au iliyokuwa ngumu ama tepetepe. Mkiiona, asilalie hapo tena mpaka irudi kawaida. Wala msipasugue: mkono wa kusugua kwa huruma unamalizia kuichana nyama iliyokwisha kuumia.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili mchana, na usiku pia, japo usiku mkishaona ngozi inastahimili mnaweza kuachia kidogo apate usingizi. Kushoto, chali, kulia. Watu wawili, mmoja kila upande, wanashika ile khanga karibu na mwili wa mgonjwa, wanahesabu pamoja, wananyanyua na kumsogeza. Msimburute. Kuburuta kunachuna ngozi ya mgongo hata kama shuka ni laini. Akishalala ubavu, mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na kitu laini chini ya miguu ili visigino vielee hewani. Mito ikiwa haitoshi viringisheni mablanketi. Ule mpira wa mviringo wa kukalia, ambao watu hununua wakidhani unasaidia, uacheni. Unabana damu pembeni ya tundu lake.

Kabla ya kumgusa, mwambieni. "Baba, tunakugeuza sasa upande wa dirisha." Hata akiwa hajibu siku ya tatu.

Akiwa na mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kitanda wakati wote, mpira usikunjwe wala kulaliwa, na mnaposhika mnawe mikono kwanza. Mkojo ukiwa na usaha au homa ikipanda, mpigieni muuguzi.

Maumivu, na ile chupa mnayoiogopa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia zinapowatesa watu wao kwa nia njema.

Maumivu ya saratani yanazuilika kwa wagonjwa wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wake mwaka 1986, unapanda kwa ngazi: za chini ni paracetamol na jamii ya diclofenac, za kati ni kama codeine, za juu ni morfini. Morfini ya kunywa ni maji tu, machungu, kwenye chupa. Uganda walianza kuwapa wagonjwa majumbani tangu hospisi ya Kampala, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, ilipofunguliwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman. Kwetu chimbuko ni Ocean Road pale Dar es Salaam, lile jengo la Wajerumani lililofunguliwa 1897 ambalo sasa ni Taasisi ya Saratani, na huku mkoani kwetu Muheza wana hospisi kwa miaka mingi. Ukiwa hospitali ya rufaa au ya wilaya ulizia watu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa usiopona. Usiulize dirisha la dawa, watakujibu "hakuna" na foleni itasonga. Uliza kwa jina hilo: tiba shufaa.

Sasa chupa imefika nyumbani, na shangazi anasema, "Hiyo ni madawa ya kulevya, atakuwa teja." Mwanangu, mtu mwenye maumivu makali anayepewa morfini kwa kipimo cha daktari hageuki teja. Anageuka mtu aliyelala usiku. Wa pili atasema, "Hiyo ndiyo ya kumalizia." Hapana. Kipimo kilichopandishwa polepole na daktari hakiui. Wagonjwa wengi huinywa miezi mingi, wengine wanarudi kukaa barazani. Inaonekana ya kumalizia kwa sababu tunawapa wakiwa wameshabakiza siku mbili.

Utaratibu wake ni saa. Morfini ya maji hudumu mwilini kama saa nne, kwa hiyo inanywewa kila saa nne, iwe anaumwa au hajaanza kuumwa. Ukisubiri mpaka alie umeshachelewa, itabidi uanze kuyafukuza maumivu upya. Ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku madaktari wengi huiandika mara mbili ya kipimo ili msimwamshe saa 8 usiku. Lakini mpaka iwe imeandikwa. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumba hii na cha nyumba ile havilingani. Maumivu yakichomoza katikati ya saa, kuna dozi ya ziada ambayo daktari anaandika. Iandikwe daftarini, na kama dozi za ziada zimekuwa nyingi kwa siku, mrudishieni daktari daftari apandishe kipimo.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia sana na anaweza kupata kichefuchefu. Vinapita. Kisichopita ni kufunga choo. Kila anayekunywa morfini lazima awe na dawa ya kulainisha choo kuanzia siku ile ile ya kwanza, na mkiandikiwa morfini peke yake, rudini mlangoni kwa daktari muulize. Wapo watu wanaotumia mbegu za papai zilizokaushwa na kutwangwa, zinasaidia, ila muulizeni muuguzi wenu kwanza, hasa kama tumbo limeziba. Siku tatu bila choo ni habari ya kumpigia simu mtu. Na akisinzia mpaka haamki mkimwita, au pumzi zimekuwa chache mno bila nyie kutegemea, simamisheni dozi inayofuata mpige simu hapo hapo.

Chupa ifungiwe kabatini. Si kwa sababu ni haramu, kwa sababu watoto hujaribu kila kitu, na kwa sababu kijana mmoja wa mtaani anaweza kuwa amesikia ipo.

Harufu

Hakuna mtu anayeandika kuhusu harufu, na harufu ndiyo inayowafukuza watu.

Mama mmoja, saratani ya titi iliyopasuka. Nilipofika, kwenye chumba kilikuwa kimewashwa udi, ubani na ile dawa ya kupulizia mbu, vyote kwa pamoja, na mwenyewe amejifunika khanga tatu mpaka shingoni kwenye joto la Februari. Mjukuu wake, mtoto wa miaka mitano hivi, alikuwa anamsalimia kutoka ukumbini: "Shikamoo bibi!" na kukimbia. Yule mama hakulalamika maumivu. Alilalamikia mbio za yule mtoto.

Tulichemsha maji, nusu lita, tukatia chumvi kijiko kimoja cha chai, tukayaacha yapoe. Kidonda hakisuguliwi, kinamwagiwa yale maji taratibu na kufutwa kwa shashi iliyolowa. Bandeji iliyokuwa imegandia tuliilowesha kwanza mpaka ikaachia yenyewe, maana ukiivuta inatoka na nyama na damu. Kisha vidonge vya metronidazole, ambavyo wengi mnaviita Flagyl, tukavisaga viwe unga laini kabisa, tukanyunyiza juu ya kidonda kama daktari alivyoelekeza, tukafunika kwa shashi na kitambaa safi. Kila siku, na dozi ya morfini nusu saa kabla ya kusafisha. Harufu ile inatokana na vijidudu vinavyoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa hiyo inavishambulia vyenyewe. Udi unaongeza harufu ya pili tu. Kabla wiki haijaisha, madirisha yalikuwa wazi na mtoto alikuwa kwenye mkeka chini ya kitanda anachora kwenye ubao wa bibi yake wa kukatia mboga.

Vaeni glovu mnaposhughulika na kidonda, kinyesi au damu, si kwa kumnyanyapaa, kwa usafi wa pande zote mbili. Kumlisha na kumshika mkono hakuhitaji glovu. Kifua kikuu ni habari nyingine: kama bado hajakaa kwenye dawa muda aliotajiwa, madirisha wazi, afunike mdomo anapokohoa, na watoto wadogo wasilale chumba kimoja naye.

Mdomo na chakula

Mdomo mkavu unamtesa mtu kuliko njaa. Msafisheni meno na ulimi asubuhi na usiku kwa mswaki laini au kitambaa kilichoviringwa kidoleni, maji ya chumvi kidogo, kisha Vaseline midomoni. Ukiona utando mweupe usiofutika ni fangasi, una dawa. Kwa anayeweza kumeza, kipande kidogo cha nanasi la baridi cha kumung'unya kinasafisha ulimi vizuri kuliko vingi nilivyoviona dukani.

Chakula kinaleta ugomvi. Mke anapika supu ya kuku wa kienyeji, mume anakula vijiko viwili, mke anaingia jikoni kulia. Mwili unaojifunga hautaki tena chakula. Hafi kwa kuwa hali, hali kwa sababu anakufa. Mpeni anachokitaka, kidogo, wakati anaotaka, akiwa amekaa au ameinuliwa, hata kama ni soda baridi saa tisa usiku. Anayekohoa au kupaliwa kila akimeza, acheni kumlisha. Msimzibe pua afungue mdomo, nimeyaona hayo. Na dripu ya "kumpa nguvu" mnayoipigania siku za mwisho mara nyingi inaishia mapafuni na miguuni, anavimba na kukoroma zaidi.

Kumwambia

"Bibi, usimwambie. Akijua atakufa." Hii naambiwa getini kabla sijavua viatu. Na siku hizi imezidi, kwa sababu watoto wanasoma majibu kwenye simu zao Kiingereza kitupu, wanajua kila kitu kabla ya mwenye mwili wake.

Mzee mmoja upande wa Pangani, mvuvi, wanawe watano walikuwa wamekubaliana kumwambia ana vidonda vya tumbo. Nilipobaki naye peke yangu namgeuza, akanishika kiganja akaniuliza kwa sauti ya chini: "Muuguzi, hawa watoto wanajua kuwa mimi nakufa? Maana sijui nitawaambiaje." Alikuwa ameshamwonyesha jirani yake mahali zilipo hati za shamba la minazi, na deni la nyavu analodaiwa ameshaliandika. Nyumba nzima ilikuwa inalindana.

Msianze kwa kumtupia jina la ugonjwa. Kaeni chini, msisimame. Muulizeni, "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamazeni. Wengi watawaambia wenyewe. Akiuliza "nitapona?" msijibu "utapona Inshallah" kwa haraka ya kutoka chumbani. Semeni ukweli unaobebeka: "Ugonjwa huu madaktari hawana tena dawa ya kuuondoa, lakini maumivu tunayo dawa yake, na hatutakuacha." Asiyetaka kujua naye ana haki yake, mwacheni. Ila aulizwe yeye, si kaka mkubwa.

Mkishavuka hapo, mambo ya dunia yanasemeka. Madeni kwanza, anayodai na anayodaiwa. Nani amwite ambaye hawajasemeshana. Wosia uandikwe akili ikiwa timamu, mbele ya mashahidi wasiorithi; wakala wa serikali, RITA, huandikisha na kuhifadhi wosia. Kwa Waislamu wosia hauzidi theluthi ya mali na hauendi kwa mrithi, na pia muulizeni anataka nani amwoshe. Wakatoliki wamwite padri kwa mpako wa wagonjwa mapema, akiwa anaweza kuitikia sala. Mgonjwa asiyeweza kutia udhu ana kutayamamu na kusali kwa ishara akiwa amelala. Wekeni kisahani cha mchanga safi karibu yake, msisubiri aombe.

Watoto waingizwe. Waambiwe babu anaumwa sana na hatapona, wapewe kazi ndogo: kupeleka maji, kupepea. Mtoto aliyeambiwa "babu kasafiri" anamsubiri kituoni.

Kombe, mganga, na Loliondo

Kila nyumba inakuja na mtu mwenye namba ya mganga. Sigombani na kombe. Aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ni mafunda mawili, zinamtuliza mtu aliyelelewa nazo, na zikisomwa na mtu anayempenda mgonjwa hufanya kazi ambayo mimi siwezi. Maombi ya kanisani vilevile, mradi wasipige kelele masikioni mwake saa tatu mfululizo. Ninachokataa ni matatu: dawa ya kienyeji ya kuharisha kwa mtu aliyekwisha kukauka maji, chale za wembe, na yeyote anayesema "acheni za hospitali". Mwaka 2011 nchi ilihamia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake ya mitishamba inaponya, kwa shilingi 500. Wagonjwa walitolewa wodini na dripu zao wakapandishwa magari, wengine wakafia kwenye foleni. Wapo waliorudi wakaziweka kando dawa za kufubaza virusi, nasi tukawapokea baadaye wakiwa mifupa. Na huyo anayeuza majani kwa laki mbili kwa familia iliyouza ng'ombe jana, mfungieni mlango kwa adabu. Au bila adabu.

"Karogwa" nalo lina gharama yake. Kila saa mnayotumia kutafuta aliyemroga hakuna mtu anayemgeuza.

Wageni

Kumjulia hali mgonjwa ni heshima yetu na sitaki ife. Lakini wekeni saa: asubuhi kidogo, jioni kidogo, wawili wawili, dakika chache. Mgeni akiuliza alete nini, asilete juisi ya boksi ya nne; alete sabuni ya unga, pampasi, glovu, au aje Jumanne usiku akae zamu ili dada alale. Andikeni zamu hizo kwenye lile kundi la WhatsApp. Dada huyo ambaye hajaolewa, au yule aliyeachika akarudi nyumbani, ndiye anayebebeshwa kila mgonjwa wa ukoo, na wanaotuma fedha kutoka Dar na Muscat hudhani wamemaliza. Apewe usiku wa kulala, na apewe fedha mkononi, zake.

Picha: hapana. Mtu aliyevuliwa shuka, mdomo wazi, anarushwa kwenye simu za watu ili michango iongezeke. Akipata fahamu mkamuuliza, atakubali? Hajakubali.

Siku za mwisho

Atalala muda mwingi. Miguu na mikono inapoa, ngozi inakuwa na mabaka. Pumzi zinakuja kwa kasi, zinakatika, mnadhani tayari, zinarudi. Kooni kunakoroma, ni makohozi asiyoweza kuyameza, yanawatesa zaidi nyinyi mnaosikiliza, mlazeni ubavu kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Anaweza kuita watu waliokufa zamani. Msibishane naye, na msimkimbize hospitali kwa bodaboda afie barabarani, kama mlishakubaliana na mwenyewe abaki nyumbani.

Dawa ya maumivu haisimamishwi kwa kuwa hasemi. Muulizeni muuguzi namna ya kuendelea, matone yanaweza kuwekwa pembeni ya shavu. Lowesheni midomo. Semeni naye, kwa kuwa inaaminika kusikia ni katika vitu vinavyobaki mwishoni. Msomeeni Yasini, au zaburi anayoijua. Shahada analakiniwa, yaani anatamkishwa, kwa sauti ya kawaida, mtu mmoja, akishatamka mnamwacha. Si watu kumi wanampigia makelele hadi anakunja uso.

Akishakufa

Angalieni saa, iandikeni. Mfumbeni macho, fungeni taya kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kuishia utosini, nyoosheni mikono na miguu kabla mwili haujakakamaa. Mpira wa mkojo uondolewe na muuguzi. Waosha wavae glovu, kidonda kizibwe kwa pamba na kifungwe vizuri kabla ya josho. Mkunazi, karafuu maiti, sanda, hayo waosha wenu wanayajua kuliko mimi. Lakini mtu akifa ghafla kwa homa na kutokwa damu, au kwa kipindupindu, msimguse, ripotini kwanza. Kagera Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka, ndivyo watu walivyotakiwa kufanya, na sababu ni ya kweli: maiti wa maradhi hayo anaambukiza.

Kwa mtendaji wa mtaa au kijiji mnachukua kibali cha kuzika, na kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Familia nyingi zinakumbuka cheti cha kifo mwaka wa pili, benki inapowarudisha. Mtumeni mtu kabla matanga hayajaanuliwa, wakati ndugu wote wapo na mashahidi hawajapanda basi.

Morfini iliyobaki haimwagwi uani wala haipewi jirani anayeumwa mgongo. Irudisheni mlikoichukua, na wao waandike wamepokea. Nailoni na godoro vioshwe kwa maji yenye dawa ya klorini, vikae juani. Kile kiti cha choo kisugueni, kisha niambieni. Mtaa wa pili kuna nyumba imempokea mtu wao juzi, na wanamweka kwenye ndoo tupu.